Dawa ya Kuonyeshea Mishipa ya Shingo: Ipi Imfae Nani?

Ndugu msomaji, chukua mfano wa baba wa familia aliyeamka Jumatatu alfajiri kujiandaa kwenda kazini. Ananyanyua kikombe cha chai, kikombe kinamponyoka. Anataka kumwita mkewe, maneno yanamtoka mazito kama ya mlevi, na upande mmoja wa mdomo umelegea. Watoto wanashtuka. Baada ya robo saa hali yote inarejea kama ilivyokuwa. "Ni uchovu tu," anasema, anachukua mfuko wake na kuelekea kituo cha basi.

Huo si uchovu. Madaktari hukiita kiharusi cha kupita, na maana yake ni kwamba damu ilikatika katika sehemu fulani ya ubongo kisha ikarudi. Ni onyo. Safari nyingine huenda damu isirudi, na hatari hiyo ni kubwa zaidi katika siku chache za mwanzo.

Mke mwenye busara hatakubali mumewe apande basi hilo. Atampeleka hospitali siku hiyo hiyo. Huko watampima presha, sukari na moyo, na huenda daktari akaagiza apigwe picha ya mishipa ya damu ya shingo. Hapo ndipo familia inapopewa karatasi ya kutia sahihi, ikielezwa kwamba mgonjwa atachomwa dawa ya kuonyeshea mishipa, ambayo wahudumu huiita kontrasti. Maswali huanza. Dawa hiyo ni ya nini? Mbona jirani yetu alichomwa ya aina nyingine, na shangazi hakuchomwa chochote? Je, haitamdhuru figo? Makala haya yanakusudia kuyajibu maswali hayo, kwa sababu anayetia sahihi hana budi kujua anachokikubali.

MISHIPA MINNE

Weka vidole viwili pembeni mwa kikoromeo chako. Utasikia mapigo. Huo ni mmoja wa mishipa miwili mikubwa inayopandisha damu kichwani, mmoja kulia na mwingine kushoto. Mingine miwili, myembamba zaidi, hupita nyuma ndani ya mifupa ya shingo. Ubongo wa mtu mzima ni kama sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili, lakini hutumia karibu sehemu 15 katika 100 za damu inayosukumwa na moyo. Hauwezi kuvumilia njaa hata kwa dakika chache.

Mtu akiishi miaka mingi na presha ya juu, kisukari, sigara au mafuta mengi katika damu, ukuta wa mshipa hujenga ukoko, mfano wa ule wa sufuria ya wali. Ukoko huo hupunguza njia, lakini hatari yake kubwa ni kwamba kipande chake, au donge la damu lililogandia juu yake, huweza kung'oka na kwenda kuziba mshipa mdogo ndani ya ubongo.

Kujua njia imebana kwa kiasi gani si jambo la kupoteza wakati. Mwaka 1991 yalitolewa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanyika Marekani na Kanada kwa wagonjwa waliokwisha kupata dalili, na ambao mshipa wao ulikuwa umebana kwa asilimia 70 au zaidi. Kati ya kila 100 waliotibiwa kwa vidonge peke yake, 26 walipata kiharusi cha upande huo katika muda wa miaka miwili. Kati ya kila 100 waliopasuliwa na kukwanguliwa ukoko, ni 9 tu. Lakini kwa mshipa uliobana kidogo, upasuaji hauleti faida. Picha isiyo sahihi basi inaweza kumpeleka chini ya kisu asiyestahili, au kumwacha nyumbani anayestahili.

MITIHANI MITATU

Mwanasayansi wa Ujerumani, Wilhelm Röntgen, alipogundua eksirei mwaka 1895, mifupa ilionekana waziwazi kwa sababu ina chokaa. Damu haikuonekana, kwani mbele ya mionzi hiyo damu na nyama ni kitu kimoja. Januari 1896, wataalamu wawili wa Vienna waliingiza mchanganyiko wenye chokaa ndani ya mishipa ya mkono wa maiti, na mishipa ikajichora kama matawi ya mti. Maiti hana cha kupoteza. Swali lililobaki lilikuwa hili: mtu aliye hai atiwe kitu gani?

Kitu hicho hakina budi kufaulu mitihani mitatu. Kwanza, kionekane vizuri. Pili, kisidhuru wakati wa kupita. Tatu, kitoke mwilini baada ya kazi. Mtihani wa kwanza hujulikana siku ile ile, na wa pili baada ya saa chache. Wa tatu unaweza kuchukua miaka 20 au 30 kabla ya majibu kutoka. Tukumbuke jambo hilo, maana ndilo kiini cha habari yetu.

LISBON, 1927

Mtu wa kwanza kupata picha ya mishipa ya ubongo wa mtu aliye hai alikuwa Egas Moniz, daktari wa Lisbon, Ureno. Mikono yake ilikuwa imeharibiwa na jongo, hivyo kazi ya kisu ilifanywa na kijana wake Almeida Lima. Walijaribu kwanza chumvi ya madini ya stronti, na mmoja wa wagonjwa wa mwanzo akafariki. Wakahamia kwenye chumvi ya iodini, wakaiingiza katika mshipa mkubwa wa shingo, na tarehe 28 Juni 1927 picha ikapatikana.

Iodini si ngeni kwetu. Ndiyo madini joto yanayotiwa katika chumvi ya mezani ili kuzuia uvimbe wa tezi shingoni. Atomi yake ni nzito, kwa hiyo huizuia eksirei, na damu iliyochanganyika nayo hutoa kivuli. Lakini chumvi ile ya mwanzo ilikuwa kali. Iliuma na kuchoma.

Mwaka 1931 Moniz aligeukia dawa nyingine iliyoitwa Thorotrast, iliyotengenezwa kwa madini ya thoriamu. Haikuuma. Haikumtapisha mgonjwa. Picha zake zilikuwa safi kuliko zote zilizopata kuonekana. Madaktari wa Ulaya, Marekani na Japani waliipokea kwa furaha, na ikaendelea kutumika hadi miaka ya 1950.

Vyote ving'aavyo si dhahabu. Thoriamu hutoa mionzi, na mwili hauna njia ya kuitoa. Ilijikusanya katika ini na wengu, ikawa inatoa mionzi yake usiku na mchana kwa miaka yote ya uhai wa mtu. Uchunguzi wa miaka mingi uliofanyika Ujerumani, Denmark, Ureno na Japani ulionyesha kwamba wengi wa waliochomwa dawa hiyo walipata saratani ya ini, mara nyingi zaidi ya miaka 20 baada ya siku ya picha. Dawa iliyopita vizuri mitihani miwili ya mwanzo ilianguka ule wa tatu, na walioanguka nayo ni wagonjwa.

CHUMVI NA MACHO

Baada ya somo hilo wataalamu walirudi kwenye iodini, lakini sasa wakiifunga ndani ya molekuli kubwa zaidi zinazotolewa na figo kwa njia ya mkojo. Katika miaka ya 1950 zilipatikana dawa zilizotumika dunia nzima kwa muda mrefu. Kasoro yao ilikuwa moja: zilikuwa na chembe nyingi mno kwa kila tone, mara 5 hadi 7 kuliko damu yenyewe.

Aliyepata kufumbua macho ndani ya maji ya bahari anajua maana yake. Maji yenye chumvi nyingi kuliko machozi huchoma, kwa sababu huvuta maji kutoka katika chembe hai za jicho. Ndivyo dawa zile zilivyofanya ndani ya mishipa. Zilipoingizwa shingoni, mgonjwa alihisi uso wote unawaka moto, na akijitikisa picha iliharibika.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Torsten Almén, daktari wa mionzi wa Sweden, alitoa wazo la kutengeneza molekuli ya iodini isiyogawanyika vipande viwili inapoyeyuka. Iodini ingebaki ile ile, na chembe zingepungua. Kutokana na wazo hilo zilipatikana dawa zinazotumika leo, kama vile iohexol na iopamidol, ambazo chembe zake ni kama mara 2 au 3 tu ya zile za damu. Baadaye, katika miaka ya 1990, ikaja iodixanol, ambayo imelinganishwa na damu sawasawa.

Tofauti ilipimwa. Huko Japani, mwaka 1990, yalichapishwa matokeo ya wagonjwa zaidi ya 330,000. Waliochomwa dawa za zamani, karibu 13 katika kila 100 walipata madhara ya namna fulani, kama kichefuchefu, vipele au zaidi ya hapo. Waliochomwa dawa mpya walikuwa 3 katika kila 100. Madhara makali yalikuwa takriban 2 katika kila 1,000 kwa dawa za zamani, na 4 katika kila 10,000 kwa dawa mpya.

Je, iodixanol ndiyo bora ya zote kwa kuwa imelingana na damu? Kwa kupunguza joto na maumivu, ndiyo. Kwa ubora wa picha hapana tofauti kubwa, kwani kinachotoa kivuli ni wingi wa iodini inayopita shingoni kwa sekunde moja. Kwa usalama wa figo, tafiti hazikuonyesha tofauti ya kutegemewa kati yake na ndugu zake. Aidha, ni nzito kama sharubati, na hupashwa joto la mwili kabla ya kuchomwa. Mgonjwa asihuzunike akiambiwa kwamba hospitali ina iohexol na haina iodixanol.

Njia ya kuingizia dawa nayo imebadilika. Zamani ilikuwa lazima kupitisha mpira mwembamba katika mshipa wa kinena mpaka shingoni, na katika uchunguzi mmoja wa Marekani wa mwaka 1995, takriban mgonjwa 1 katika kila 100 alipata kiharusi kutokana na kipimo chenyewe. Siku hizi, kwa mashine ya CT-Scan, dawa huchomwa katika mshipa wa mkono, na picha huchukuliwa katika sekunde chache dawa ipitapo shingoni. Mgonjwa huhisi joto, ladha ya chuma mdomoni, na pengine huona kama amejikojolea, ilhali hakujikojolea. Asiogope. Hupita mara moja.

SUMAKU NA TENGA

Mashine ya MRI haitumii eksirei. Hutumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio. Humo iodini haina kazi. Dawa yake ni madini ya gadolini, ambayo huyabadili maji ya damu yaliyo karibu nayo hata yang'ae katika picha. Kwa mtu wa kilo 60 huhitajika mililita 6 hadi 12 tu, wakati iodini ya CT-Scan huweza kufika mililita 50 hadi 100. Faida nyingine ni kwamba ukoko wenye chokaa, ambao katika CT-Scan huwa mweupe kama dawa yenyewe na kumchanganya msomaji wa picha, hausumbui sana katika MRI.

Lakini gadolini ikiwa huru ni sumu, kwa hiyo hufungwa ndani ya molekuli nyingine. Hapo ndipo aina zinapotofautiana. Baadhi ya dawa huifunga kama mzigo uliozungushiwa kamba iliyo wazi mwisho. Nyingine huifungia ndani ya molekuli ya duara, kama kuku ndani ya tenga. Aina ya kamba, iliyoanza kuidhinishwa mwaka 1988, ilidhaniwa kuwa salama kabisa, hata kwa wagonjwa wa figo. Mwaka 2006 ikabainika kwamba baadhi ya wagonjwa ambao figo zao zilikuwa zimeshindwa kazi walipata ugonjwa wa ngozi na viungo kukakamaa, na gadolini ilihusika. Mwaka 2014 wataalamu wa Japani walionyesha dalili kwamba mabaki yake hukaa ndani ya ubongo wa watu waliochomwa mara nyingi, ingawa haikuthibitishwa kwamba mabaki hayo huleta ugonjwa wa ubongo. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Ulaya iliamua kusimamisha matumizi ya nyingi za aina ya kamba.

Mtihani wa tatu ulirejea tena, msomaji. Leo aina ya tenga, kama gadobutrol na gadoterate, ndizo zinazopendekezwa, na hatari yake kwa figo dhaifu ni ndogo sana. Swali la kumwuliza mtaalamu ni moja tu: "Hii ni ya duara au ya mnyoofu?" Atakuelewa.

MAPOVU NA WASIOHITAJI DAWA

Shangazi ambaye hakuchomwa kitu hakudharauliwa. Huenda alipimwa kwa altrasaundi, yaani mawimbi ya sauti yasiyosikika, ambayo hupima mwendo wa damu shingoni bila sindano wala mionzi. Pale mshipa ulipobana, damu hukimbia kwa kasi, kama maji ya mpira uliobanwa kwa kidole gumba. Kipimo hiki ni rahisi, chaweza kurudiwa, na kwa kawaida ndicho cha kuanzia. Udhaifu wake ni kwamba hutegemea ustadi wa mpimaji, na hakioni vizuri mishipa iliyo kifuani au ndani ya fuvu.

Pengine altrasaundi yenyewe husaidiwa na dawa ya vipovu vidogo vya gesi, vidogo kuliko chembe nyekundu za damu. Vipovu hivyo humulika damu, na husaidia kujua kama mshipa umeziba kabisa au bado kuna upenyo mwembamba kama uzi. Gesi yake hutoka kwa pumzi, haipiti katika figo.

Hapa tusichanganye mambo. Ipo pia gesi ya kaboni dayoksaidi, ambayo hutumika kuonyesha mishipa ya miguu kwa wagonjwa wa figo. Hiyo ni marufuku kwa mishipa ya shingo, kwani donge la gesi likipanda kichwani huweza kuziba damu ya ubongo. Kinachofaa mguuni si lazima kifae shingoni.

Hata MRI inaweza kupiga picha ya mishipa bila dawa yoyote, kwa kufuata mwendo wa damu yenyewe. Ila huchukua muda mrefu zaidi, na pale damu inapozunguka ovyo, picha huonyesha mbano mkubwa kuliko ulivyo.

IPI IMFAE NANI?

Mgonjwa aliyeletwa sasa hivi, mkono umelegea na saa zinahesabiwa, anafaa CT-Scan na dawa ya iodini, kwa kuwa ni ya haraka. Hatari ndogo ya dawa haifanani na hatari ya kuchelewa.

Aliyepona kiharusi cha kupita, anatembea na kuzungumza, ataanza na altrasaundi. Ikionyesha mbano mkubwa, kipimo cha pili cha CT-Scan au MRI huthibitisha kabla ya kisu. Lakini yote hayo yafanyike kwa siku, si kwa miezi, kwani upasuaji hufaa zaidi ukifanyika ndani ya wiki mbili.

Mwenye figo zilizochoka sana atafikiriwa altrasaundi, MRI bila dawa, au gadolini ya aina ya tenga. Aliyepata kudhurika na dawa ya iodini atafikiriwa vivyo hivyo. Mwenye kifaa cha umeme cha kuendesha moyo, au chuma mwilini, aseme kabla ya kukaribia sumaku ya MRI.

NENO KWA FAMILIA

Mficha maradhi kifo humuumbua. Kabla ya kutia sahihi, mweleze mtaalamu kama mgonjwa ana ugonjwa wa figo, kisukari, pumu, au uvimbe wa tezi ya shingo. Sema kama amepata kuchomwa dawa ya picha na ikamletea vipele au kubanwa pumzi. Sema kama ni mjamzito. Taja vidonge vyote anavyomeza, hasa metformin ya kisukari, kwa kuwa wenye figo dhaifu huambiwa waiache kwa saa 48. Mama anayenyonyesha hahitaji kumwachisha mtoto. Dawa inayofika katika maziwa ni kidogo mno.

Yapo pia maneno ya mitaani yasiyo na msingi. Wengi, hasa sisi wa mwambao, huambiwa kwamba asiyepatana na kamba au samaki asichomwe dawa ya iodini. Sivyo. Kinachowadhuru watu hao ni protini iliyo katika nyama ya kiumbe huyo, wala si iodini. Aseme tu kwamba ana mzio, kisha amwachie mtaalamu apime.

Mwisho, tusisahau kwamba picha si tiba. Uchunguzi uliofanyika kati ya 2003 na 2006 ulionyesha kwamba, baada ya kulinganisha umri, wakazi wa sehemu ya Dar es Salaam iliyochunguzwa walipata kiharusi wapatao 316 katika kila watu 100,000 kwa mwaka, wakati wale wa wilaya ya Hai walikuwa 109. Mji unatugharimu. Tena kwetu viharusi vingi hutokana na presha inayoharibu mishipa midogo ndani ya ubongo wenyewe, ambayo hakuna picha ya shingo itakayoionyesha. Kupima presha ni kazi ya dakika tano, haina sindano wala karatasi ya kutia sahihi.

Basi, ndugu msomaji, kikombe kikikuponyoka alfajiri bila sababu, usiseme ni uchovu. Nenda hospitali siku hiyo. Ukiambiwa utachomwa dawa ya kuonyeshea mishipa, usikimbie, wala usinyamaze. Uliza itaonyesha nini, itapitia wapi, na itatoka lini. Majibu ya maswali hayo yalinunuliwa kwa maisha ya wagonjwa waliotutangulia, na ni haki yako kuyapata.